Alexander wa Kumi na Mbili

Gazeti la wilaya lilikuwa limetoa majina ya watoto waliozaliwa tangu mwaka uanze, ukurasa mzima, na Futi Sita akawa analisoma kama anavyosoma matangazo ya misiba: kidole juu ya mstari, midomo inatembea.

"Skye. Skye mwingine. Iona. Isla. Harris. Arran. Skye tena." Akavua miwani. "Jamani, hii ni orodha ya watoto au ratiba ya feri?"

Hapo ndipo kijiwe kilipowaka.

Kijiwe chetu ni meza ya dirishani kwenye duka la mikate la Mama Siagi, hapa Portlennie, pwani ya Uskoti, ambako upepo ukitaka kuingia haubishi hodi. Mama Siagi jina lake la cheti ni Jamesina. Baba yake alikuwa keshajiandaa kumpata James. Alipokuja msichana, mzee hakuona sababu ya kutupa jina zima zima, akalitia mkia tu. Futi Sita amechimba makaburi miaka arobaini, na hakuna ukoo hapa asioujua kwa urefu na upana. Barometa alikuwa mvuvi, na tangu aanze kutabiri hali ya hewa hajapatia hata siku moja. Mimi wananiita Sindano, eti kwa sababu nafuma soksi. Barometa ni mdogo wangu, nimemzidi miaka mitatu. Jina langu la cheti msiniulize.

Lakabu hapa kwetu si utani, ni lazima. Kijiji kizima kina koo tatu, na kila mzaliwa wa kwanza wa kiume anarithi jina la babu mzaa baba. Kwa hiyo leo tunao Alexander Buchan kumi na mmoja, wote wazima, wote wanakula. Simama gatini uite "Alexander!" watageuka wanaume tisa na mbwa mmoja. Mwaka juzi jino lilimuuma Alexander wa Bata, akang'olewa Alexander wa Kofia, ambaye alikuwa kamsindikiza mkewe tu.

Ndiyo maana kila Alhamisi mimi na mdogo wangu tunabadilishana bahasha za kahawia chini ya meza, kama wauza magendo. Kijiwe kinadhani ni posta ndiyo inayochanganya akina Alexander. Sisi hatujawahi kuwakatalia.

"Nchi imekwisha visiwa," Futi Sita akaendelea. "Mwakani watahamia kwenye miamba."

"Cheka tu," Barometa akasema. "Watu wamepoteza adabu. Mtoto anaitwa kwa ramani! Babu zake wamelala pale kanisani wanangoja jina lao lirudi, yeye anapewa jina la mahali ambapo mama yake alikwenda likizo na kutapika kwenye boti."

"Barometa, leo siku ya ngapi?" Mama Siagi akamuuliza kwa ujanja, huku anapanga mikate ya siagi.

Barometa akaangalia dirishani. "Leo jua mpaka usiku."

"Sikuulizi mawingu. Nakuuliza mjukuu wako leo ana siku ngapi."

Mzee alijua. Sote tulijua. Siku ishirini na moja. Serikali yetu haina haraka, ila siku ishirini na moja ikifika inataka jina la mtoto, na msajili anakaa nyuma ya maktaba, anafunga saa kumi. Wakati huo ilikuwa saa nane na robo, na mtoto hakuwa na jina hata la kuazima. Nyumbani walikuwa wakimwita Huyu.

Tena kulikuwa na jambo baya kuliko hilo. Kwetu ukimwona mtoto mchanga mara ya kwanza, unamtia sarafu ya fedha kiganjani. Akiikamata, atakuwa mchumi, senti haimtoki. Akiidondosha, atakuwa mkono wazi. Na usipomtia, hujamkaribisha duniani. Barometa alikuwa na sarafu yake mfukoni wiki tatu, ya zamani, kichwa cha mfalme kimelika hadi pua. Kila akiulizwa anajibu, "Hii ni ya Alexander. Akiwa Alexander, atapewa." Na kwa kuwa hajampa, hajamshika. Huyo ni mjukuu wake wa kwanza, anakaa mlango wa tatu kutoka kwake.

Mlango ukafunguka, ukaingia upepo, likaingia gari la mtoto, akaingia Morven, mke wa mpwa wangu, mkwe wa Barometa. Msichana wa Glasgow huyo, mdomo wake hauna breki, lakini moyo safi. Mumewe, naye Alexander, yuko kwenye mtambo wa mafuta katikati ya bahari hadi Jumamosi; ameulizwa kwa simu kuhusu jina akajibu, "Lolote mtakalokubaliana wewe na baba." Mwoga anajua mahali pa kujificha, hata kama ni juu ya nguzo za chuma.

"Hamjambo wote. Shangazi, nisogezee kiti. Nimekuja na orodha." Akatoa karatasi iliyokunjwa. "Nataka jina la Kiskoti. Mtu akilisikia huko Australia ajue huyu katoka wapi. Ila lisinuke kabati la bibi."

"Kabati langu linanuka sabuni," nikamwambia.

"Sikukusudia lako, shangazi."

"Alexander," Barometa akasema, hata hajaulizwa.

"Baba, mume wangu Alexander. Wewe Alexander. Kabla hajarudi baharini nilipiga kelele dirishani, 'Alexander, njoo umbadilishe mtoto nepi!' Ukaitika wewe, ng'ambo ya barabara."

"Niliitika kwa heshima."

"Uliitika, lakini hukuja."

Mama Siagi akacheka mpaka unga ukamtimka kifuani. "Tusomee, mwanangu."

"Harris."

"Hicho kitambaa," Mama Siagi akasema. "Marehemu baba alikuwa na koti lake. Liliwasha kama upupu."

"Arran."

"Mbwa wa daktari," Futi Sita akadakia. "Jana kainua mguu kwenye jiwe la diwani marehemu. Mbwa mwenye akili sana."

"Lewis."

"Wako wanne chekechea," nikasema. "Mwalimu anawatofautisha kwa rangi ya buti."

"Brodie."

Mama Siagi akabamiza sinia mezani. "Jina hilo halitamkwi ndani ya duka hili."

Tukainamisha vichwa. Brodie alikuwa mumewe wa kwanza. Aliondoka asubuhi moja na mashine ya kukatia mikate.

"Fraser," Morven akasema, sauti imeanza kuishiwa.

"Fahali," Barometa akasema.

"Fahali gani?"

"Huyo anayekodishwa kwa ng'ombe wa watu. Yule aliyemtia mtaroni mtu wa bima."

"Struan!"

"Hilo ni la mtu anayeuza nyumba. Anakuja na viatu vya kung'aa, anakwambia ukungu ukutani ni mandhari." Barometa akaegemea kiti kwa ushindi. "Mkwe, nyie mnatafuta kwenye ramani kitu kilichomo nyumbani. Na wewe mwenyewe, sina nia mbaya, umepewa jina la mlima."

"Ndiyo, baba. Na mlima hausogei."

"Umepigwa!" Futi Sita akashangilia. "Barometa, kaa chini, umepigwa."

"Wewe Futi Sita, uko upande gani?"

"Mimi niko upande wa kazi. Nimezika Alexander Buchan kumi na tisa. Unajua faida yake? Jiwe moja, jina moja, unaongeza mwaka tu. Familia inaokoa herufi. Lakini kuna siku nilisimama pale na maua, mjane ananiuliza, 'Wangu ni yupi?' Nikamwonyesha kwa kubahatisha. Miaka sita sasa analia kwenye kaburi la shemeji yake."

Tulicheka hadi chai ikamwagika. Lakini mtoto naye akaamka, akaanza kulia, na Morven mikono yote miwili ilikuwa na chupa na kikombe.

"Baba, hebu nishikie kidogo."

Barometa akatia mikono mfukoni. Akaitia kama mtu aliyeona polisi.

Kicheko kikakatika. Morven akaweka kikombe chini polepole.

"Siku ishirini na moja, baba. Mtoto huyu keshabebwa na wauguzi, na majirani, hadi yule wa kusoma mita ya umeme alimbeba. Wewe babu yake hujamgusa kidole."

"Nimesema sarafu ni ya Alexander."

"Basi ikifika saa kumi naandika la kwanza litakalonijia. Hata la fahali." Macho yake yakawa yanameta, akageukia kwenye gari la mtoto asitazamwe. "Nikidhani nimeolewa kwa watu, kumbe nimeolewa kwa jina."

Mimi nilikuwa nimekaa upande wa Barometa, nikakiona kidole gumba kikitembea ndani ya mfuko, kikiisugua ile sarafu. Na mimi ndiye ninayejua kwamba kila alfajiri anapita kwangu kuniuliza, kama vile anauliza bei ya samaki, "Huyu kalalaje? Kikohozi kimepungua?" Babu wa watu anakondeana kwa ukaidi wake.

Mimi si mtu mbaya. Mimi ni mtu mwenye mkoba tu.

Nikaufungua, nikatoa bahasha ya kahawia ya Alhamisi ile, na badala ya kuipitisha chini ya meza nikaiweka juu.

"Futi Sita, nisomee hii. Miwani nimeisahau."

Miwani ilikuwa kichwani kwangu. Barometa akaruka, "Dada!" lakini Futi Sita mkono wake ni wa sepeto, ukishika umeshika.

"'Kwa Bwana Innes Rattray Buchan,'" akasoma. Akakunja uso. "Innes Rattray Buchan? Simjui huyu. Sijamzika."

"Labda wa kijiji cha pili," Mama Siagi akasema.

"Anwani ni ya Sindano. 'Tunakukumbusha miadi yako ya kusafishwa masikio.' Eeh, bibie! Kumbe unakaa na mwanamume?"

"Kwa umri wangu ningemtangaza gazetini," nikamjibu. "Ukurasa wa mbele."

Mama Siagi hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa anamtazama Barometa, aliyekuwa mwekundu kama kaa anayetoka chunguni.

"Barometa," akasema taratibu. "Wewe juzi si ulisema una miadi ya masikio?"

Mtoto naye alikuwa amenyamaza begani kwa mama yake.

"Dada," Barometa akasema, "wewe si mtu."

"Mimi ni Sindano. Waambie mwenyewe au niwaambie?"

Basi nikawaambia. Mchungaji Innes Rattray alipoletwa kanisani kwetu, mtoto wa kwanza kumbatiza alikuwa mdogo wangu huyu. Na desturi ya wazee mnaijua: mtoto wa kwanza kubatizwa na mchungaji mpya hubeba jina la mchungaji, awe wa kiume, awe wa kike, wazazi watake wasitake. Baba yetu aliiona heshima kubwa, akaenda kuandikisha jina zima, na la ukoo wa mchungaji ndani yake. Babu Alexander akaja jioni, kanyoa ndevu, sarafu mkononi. Akauliza, "Anaitwa nani?" Alipoambiwa, akairudisha mfukoni, akatoka. Hata kiti hakukalia.

"Tukaanza kumwita Alexander nyumbani ili mzee atulie," nikasema. "Hakutulia. Miaka tisa anaingia na kutoka, hamgusi. Alipokufa, sarafu ikakutwa kwenye kizibao chake. Waliokuwapo kanisani siku ile ya ubatizo, Futi Sita, wote umeshawafukia."

"Na ndoa?" Mama Siagi akauliza. "Cheti cha ndoa je?"

"Alifungia Aberdeen, mbali na masikio yenu. Shahidi mimi. Na barua zake za jina la cheti zinakuja kwangu, posta isimgundue."

Morven alikuwa amesimama na mtoto begani. "Hiyo sarafu, baba. Ndiyo hiyo hiyo?"

Barometa akaitoa. Akaiweka mezani katikati ya makombo ya mkate, na sote tukaitazama kama vile itasema.

"Akina Alexander saba mfululizo," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, si ile ya kutangazia mvua. "Saba. Halafu mimi. Tundu kwenye wavu. Mwanangu nikamwita Alexander, nikaona nimeshona. Nikajisemea, akija mjukuu, naye akawa Alexander, fundo litakaza, hakuna atakayejua palipotoboka."

"Na kwa ajili ya fundo," nikamwambia, "unamfanyia huyu alichokufanyia mzee yule. Kwa sarafu ile ile. Hata mpya hukununua."

Akainamisha kichwa. Nilimchoma pabaya, najua. Ila jipu halitumbuliwi kwa manyoya.

Futi Sita ndiye aliyesema kwanza. Alikuwa ananyoosha vidole kimoja kimoja, kama anapima shimo.

"Hebu ngojeni. Ngojeni kwanza. Barometa, desturi inasemaje? Ile yako, ya kufa na kupona."

"Unaijua."

"Nataka niisikie kwako."

"Mzaliwa wa kwanza wa kiume arithi jina la babu yake mzaa baba."

"La babu. Sasa babu wa huyu ni nani?"

"Mimi."

"Na wewe unaitwa nani?"

Barometa akafungua mdomo. Ukabaki wazi hivyo hivyo, kama chewa barafuni.

"Desturi haikusema jina la mtaani," Futi Sita akaendelea bila huruma. "Mtaani wewe ni Barometa. Haikusema jina la kumtulizia mzee. Ni jina la cheti! Kwa kanuni yako mwenyewe, bwana mkubwa, mtoto huyu akiitwa Alexander, umevunja desturi."

"Innes," Morven akasema.

Alilisema polepole, analionja. Kisha akaenda mlangoni, akafungua, akalijaribu kama mama anavyopaswa kujaribu jina, kwa kelele: "Innes! Shuka kwenye ukuta huo! Innes, rudisha baiskeli ya watu!" Shakwe wawili wakaruka kutoka kwenye paa. Akafunga mlango, uso umemng'aa. "Linafika mbali. Ni la kwetu, halinuki kabati, si kisiwa, si fahali. Na kijiji kizima hakuna anayeitwa hivyo."

"Yuko mmoja," Barometa akasema.

Hakuna aliyecheka.

"Yuko mmoja," akarudia, akanyanyuka. Akafuta mikono kwenye suruali, mara mbili, mbele na nyuma. Akaichukua sarafu mezani akaisogelea mikono ya mkwewe. "Innes," akamwambia mtoto, kwa haya, kama mtu anayejitambulisha ugenini. Akamtia sarafu kiganjani.

Kile kidole kidogo, na cha pili, na cha tatu, vikafunga.

"Kaikamata!" Mama Siagi akapiga ukelele. Futi Sita akajaribu kuivuta kwa ncha ya kucha, kwa sababu za kitaalamu, alisema. Mtoto hakuachia, alitoa sauti ya hasira tu.

"Mchumi wa kutupwa," Futi Sita akatoa hukumu. "Hakuna haja ya kipimo cha damu, huyu ni wa hapa."

Wakati huo Barometa keshambeba. Sijui alimchukuaje, maana Morven mwenyewe alijikuta mikono mitupu. Alimshika kama anavyoshikwa samaki mkubwa ambaye hutaki arudi majini, shavu lake gumu juu ya kichwa kile laini, na macho akayaelekeza dirishani, anajifanya anapima upepo.

"Mtaani tutamwitaje?" Mama Siagi akauliza, akijipangusa jicho kwa aproni, akijipaka unga.

"Tumsubiri aanze kusema," nikajibu. "Akitabiri jua na mvua ikanyesha, tutajua."

Saa tisa ikagonga. Morven akavaa koti haraka haraka. Barometa akamlaza mtoto kwenye gari kwa mikono yake, akakataa kusaidiwa, akakamata usukani mwenyewe. Akatazama mbingu.

"Kavu mpaka jioni. Mwavuli acheni."

Hakufika kizingiti mvua ikashuka kama ndoo iliyopinduliwa. Morven akavuta kifuniko cha gari bila hata kumtazama, keshazoea ukoo.

Nami nikabaki nimeegemea kiti, najipongeza kimoyomoyo, natafuta kipande cha mwisho cha mkate wa siagi. Kumbe mlangoni mdogo wangu amegeuka. Mkono mmoja kwenye gari la mjukuu, mwingine ndani ya koti. Ukatoka na bahasha ya kahawia.

"Nilitaka kusahau, leo Alhamisi," akasema, anatabasamu meno yote manne. "Futi Sita, nisomee na hii. Ni ya dada yangu, imekuja kwangu. Miwani nimeisahau."

Nilivyoruka, hata goti langu halikukumbuka kwamba ni bovu. Niliinyakua angani, kidole cha Futi Sita kikiwa kimeshafika kwenye herufi ya kwanza, nikaitumbukiza kwenye mkoba.

"Supu yangu iko jikoni," nikawaambia. "Inaungua."

"Supu gani, wakati wewe Alhamisi unakula hapa?" Mama Siagi akaniuliza, lakini mimi nilishafika barabarani, mvua inanipiga, na nyuma yangu nawasikia wanagonga meza kwa vicheko.

Maana Mchungaji Rattray hakuwa wa kwanza kuletwa Portlennie. Kabla yake alikuwapo mwingine, ndevu hadi kifuani, aliyewasili mwaka niliozaliwa mimi, akaushindwa upepo wetu baada ya miaka mitatu. Aliitwa Hector. Na kwangu mimi, wazee wangu hawakujisumbua hata kulitia mkia.